Saba ya Mtihani, Sita ya Kazi

Wenzangu wa karakana ya injini, mmeniuliza mara nyingi kwa nini gia kubwa ya Marehemu ina jino moja lililokwanguliwa rangi. Siku zote nilijibu kwamba ni kutu. Sasa nimestaafu, nimepewa mkono wa kwaheri pamoja na toroli lililoundwa na darasa la uchomeleaji, ambalo huvuta kushoto, na sina tena sababu ya kuwadanganya. Haikuwa kutu. Nitawaeleza, lakini mtu hawezi kueleza habari za jino bila kueleza injini, kwa hiyo itabidi nianzie mbali kidogo.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena, na katika hali zote hizo meza yangu ilikuwa ileile na droo yake ilikuwa haifungi.

Nilifika chuoni miaka michache baada ya Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa malori Kisumu, fundi mwenye cheti, na cheti hicho nilikiweka katikati ya Biblia ili kisikunjamane. Chuo kilikuwa juu ya Kiogoro: madarasa mawili ya mabati, karakana isiyo na mlango, na shamba la ndizi ambalo mkuu wa chuo alikuwa akiwaonyesha wageni kwanza. Vijana wa Gusii walikuwa wakimaliza shule kwa makundi na kurudi nyumbani kukaa. Wakati huohuo mashine za kusaga, viwanda vya kahawa na vya chai vilikuwa vinachipuka kila kilima, navyo havikuwa na watu wa kuvitunza. Mkuu aliniambia kazi yetu ni kuwachukua hao vijana na kuwafikisha kwenye hizo mashine. Nilimwamini siku ile na bado naamini, ingawa njia ilikuwa ndefu kuliko alivyosema.

Kisha akanionyesha magunia matatu yaliyoegemea ukuta. Ndani yake mlikuwa na injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, imefunguliwa vipande vipande. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake upande wa Sotik aliitoa iwe zawadi. Kitabu cha injini kilikuwa ndani ya gunia la tatu, lakini mchwa walikuwa wamekisoma kabla yetu. Mkuu akasema, “Mwalimu, iunganishe, uikate dirisha ubavuni ili watoto waone ndani. Wiki mbili mgeni anakuja.”

Niliiunganisha kwa siku kumi na mbili. Sikuwahi kushika injini ya aina ile, lakini nilikuwa na cheti, na cheti humpa mtu ujasiri ambao si mara zote anaustahili. Mahali pagumu palikuwa gia. Ziko mbili, ndogo na kubwa, zimeumana meno. Zikikutana mahali pake, vali hufunguka na kufunga kwa wakati. Zikikosana hata kwa jino moja, injini huwaka kwa shida, hukohoa moshi mweusi na huvuta nusu ya nguvu zake. Huko zilikotengenezwa hutiwa alama, lakini alama za hizi zilikuwa zimefutika. Nikazungusha huku na huku nikitazama vali mpaka nikaridhika. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nikahesabu: pistoni ikiwa juu kabisa, kuanzia kwenye pini ya gia kubwa mpaka inapoumana na ndogo, meno saba. Nikaandika saba kwenye daftari langu. Jino la saba nikalipaka rangi nyeupe.

Sehemu zilizobaki tulizipaka rangi pia. Bomba la dizeli jekundu, la maji kijani, la oili njano. Mgeni alipokuja alisema hajaona injini safi kama hiyo, na alisema kweli, maana haikuwahi kuwaka wala haingewaka, ikiwa na dirisha ubavuni. Wanafunzi wakaipa jina la Marehemu. Nilikataza jina hilo kwa mwaka mzima, kisha nikajisikia mwenyewe nikilitumia.

Kundi la kwanza lilihitimu. Kijana wa kwanza kabisa, aliyeongoza mtihani, nilimpeleka kwa Bi. Zainabu, aliyekuwa na mashine ya kusaga karibu na soko la Daraja Mbili. Bi. Zainabu alikuwa mjane wa Kiislamu wa pale mjini, babu yake alikuja na biashara ya nguo akasahau kurudi, na mashine aliachiwa na mumewe. Alimpokea kijana asubuhi. Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa amerudi chuoni kwa miguu, na mkononi alikuwa na barua ambayo nimeihifadhi. Iliandikwa hivi: “Mwalimu, salamu. Kijana wako ametafuta bomba jekundu tangu saa mbili. Hapa mabomba yote ni meusi. Mashine ilipowashwa alikimbia mpaka kwenye mihogo ya jirani. Je, ninunue rangi au nitafute mtu mwingine?”

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kijana yule alijua sehemu zote za injini kwa majina. Kelele tu ndiyo hatukuwahi kumfundisha, kwa sababu Marehemu hakuwa nayo.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Nilimkuta Bi. Zainabu kwenye mizani, akina mama wamepanga foleni na vikapu vya mahindi na wimbi, na nyuma, ndani ya vumbi la unga, mzee mmoja amesimama ameegemeza bisibisi ndefu kwenye injini. Ncha ilikuwa kwenye chuma, mpini ulikuwa sikioni. Macho alikuwa ameyafumba. Nilidhani anasali.

“Huyo ni Mzee Ondieki wa Suneka,” Bi. Zainabu akaniambia. “Usimsemeshe. Anasikiliza mgonjwa.”

Nilingoja. Mzee alipofumbua macho alinitazama kuanzia viatu. “Bwakire, Mwalimu,” akanisalimu kwa Kigusii. “Wewe ndiye mwenye ile injini ya rangi?”

Nilikiri. Akanipa bisibisi. “Weka hapa. Sikia. Usishike spana kabla haujasikia.” Niliweka sikio. Nilisikia radi. Akanisogeza mkono kidogo, kisha kidogo tena, na ndani ya radi nikaanza kusikia kitu kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. “Hiyo ni vali. Imelegea. Kesho itakuwa imelegea zaidi. Leo unaikaza na spana. Wiki ijayo unanunua mpya.” Mzee Ondieki hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Injini alijifunza katika vita ya pili ya Mzungu, katika nchi ambayo jina lake hakuwahi kulijua vizuri, na aliporudi alikuta mashine za kusaga zinaingia Gusii, akawa yeye ndiye anayeitwa. Nilimpenda siku ileile, na nilimwonea wivu siku ileile.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo ninyi leo mnaliona kama jambo la kawaida. Nilimwomba mkuu wa chuo kila mwanafunzi wa injini awe anakaa miezi mitatu kwa Mzee Ondieki kabla ya kuhitimu. Mkuu alikataa. “Watoto wamekuja kusoma, hawakuja kusaga unga.” Nikampa barua ya Bi. Zainabu. Akaisoma mara mbili, akauliza rangi ya kopo moja inagharimu kiasi gani, kisha akakubali.

Mzee Ondieki alikuwa na mtaala wake. Wiki ya kwanza mwanafunzi hufua matambara na hagusi chuma chochote. Wiki ya pili anapewa bisibisi na sikio lake mwenyewe. Wiki ya tatu anafungwa kitambaa machoni na kuulizwa ni nini kinachogonga. Wa kwanza kujibu sawa alitumia siku tisa, naye alikuwa yule mkimbizi wa mihogo, niliyemrudisha kujifunza ingawa alikuwa ameshahitimu. Ratiba ya mashine ilikuwa ngumu kidogo. Ijumaa adhuhuri Bi. Zainabu alifunga kwa ajili ya swala. Ijumaa jua likizama Mzee Ondieki, ambaye ni Msabato, aliweka spana chini asiiguse mpaka Jumamosi jua lizame tena. Jumapili mashine ilikuwa wazi lakini wateja walikuwa kanisani. Wanafunzi walijifunza kwamba matengenezo makubwa hupangwa kuishia Alhamisi, na hilo hakuna kitabu kingewafundisha.

Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la mazoezi. Kila wiki aliandika alichofanya, na fundi aliyemsimamia alitia sahihi. Mzee Ondieki hakuandika, aliweka dole gumba. Wino hatukuhitaji kumpelekea, oili ilikuwa tayari kidoleni. Madaftari yale yalinuka dizeli kiasi kwamba karani wa chuo aliyaweka dirishani, nje.

Miaka ikaenda namna hiyo. Waliopitia kwa mzee walifanya vizuri popote walipokwenda. Lakini kundi lilikuwa kubwa kuliko alivyoweza kulichukua, na wengine niliwapeleka moja kwa moja kwenye mashine za upande wa Nyamira, ambako injini zilikuwa za aina ya Marehemu. Kutoka huko nilipata malalamiko, na yote yalifanana. Vijana wa chuo wakiifungua injini na kuifunga tena, inawaka kwa taabu na kutoa moshi mweusi. Mwenye mashine mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba akina mama wamepachika injini yake jina la chuo chetu kwa sababu ya moshi. Nilimjibu kwamba hajui kutunza mashine. Kwa mwingine nilisema dizeli yake ina maji. Wa tatu nilimwambia vijana wa siku hizi hawasikilizi. Nilikuwa na majibu mengi wakati ule.

Ilipoingia miaka ya sabini alikuja Nyaboke. Alikuwa msichana wa kwanza kuchagua injini. Wenzake walikuwa kwenye ushonaji, na mama yake alikuja mpaka Kiogoro kuniuliza kama nina hakika. Alitoka upande wa Nyamira, nyumbani kwao wanalima chai, na kiwanda kimoja cha chai huko kilikuwa kimemwahidi nafasi kwenye chumba cha injini iwapo angepeleka cheti kabla ya mwezi fulani kwisha. Sikio lake lilikuwa zuri kuliko la mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Kwa Mzee Ondieki alitumia siku mbili kwenye kitambaa.

Aliporudi kutoka mazoezini, nilikuwa nikirudia somo la gia, tumezunguka Marehemu. Nikauliza, “Nyaboke, kutoka kwenye pini, meno mangapi?”

Akanitazama kwa adabu kabisa. “Mwalimu, unataka ya mtihani ama ya kazi?”

Darasa likacheka. Nataka mwelewe kicheko hicho kilikuwa cha namna gani. Hakikuwa cha watu waliosikia jambo geni. Walicheka kama watu wanaojua kitu ambacho mtu mmoja tu chumbani hakijui. Nilikisikia hivyo, nikakipuuza.

“Nani amekuambia hesabu ziko mbili?”

Hakumtaja mtu.

“Meno ni mangapi?”

“Mtihani ni saba, Mwalimu.”

“Na kazi?”

Akatazama chini. Nikamwamuru aandike neno saba mara mia na alete kesho asubuhi. Alileta. Nilizihesabu zote, zilikuwa mia kamili, kwa mwandiko mzuri. Wenzangu, katika miaka yote ya kazi hakuna jambo linalonichoma kama zile karatasi. Nilikuwa na swali zuri mbele yangu, limeletwa na mwanafunzi wangu bora, nikaliadhibu.

Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka juu. Ilisema kwamba kuanzia sasa daftari la mazoezi litakubaliwa tu kama aliyetia sahihi ana cheti cha mtihani wa ufundi. Agizo lilikuwa la maana, maana kuna mahali madaftari yalikuwa yanasainiwa na mashemeji. Lakini kwetu lilikuwa na maana moja tu. Madaftari matatu ya mwaka ule, la Nyaboke likiwa moja, yalijaa dole gumba la mtu asiye na cheti. Wanafunzi watatu warudie mwaka, na nafasi ya kiwandani iende kwa mwingine. Njia ilikuwa moja: Mzee Ondieki afanye mtihani na ashinde kabla ya mwisho wa mwezi. Wasiojua kusoma waliruhusiwa kujibu kwa mdomo. Mtahini wa eneo letu nilikuwa mimi, na karatasi ya majibu niliiandika mimi.

Nilikwenda kumwomba. Alikuwa ameketi juu ya debe anakunywa chai ya Bi. Zainabu.

“Nifanyiwe mtihani na wewe,” akasema. Hakuuliza, alisema tu.

“Ni mambo ya serikali, Mzee.”

“Miaka ishirini natengeneza hizi kitu. Sasa nataka karatasi ya kusema najua?”

“Si yako, Mzee. Ni ya watoto.”

Bi. Zainabu hakuinua macho kutoka kwenye mizani. “Mzee, mimi binti yule nimempenda. Akikosa nafasi yake kwa sababu ya kiburi chako, chai hii itakuwa ya mwisho, wallahi.”

Mzee akamaliza kikombe. “Siku gani?”

Nikamwambia Jumamosi. Akanitazama tu. Nikarudi chuoni kuomba iwe Jumatano.

Jumatano ile tulikuwa karakanani mkuu wa chuo, mimi, na mtahini wa pili kutoka mkoani, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Wanafunzi watatu walikaa nje kwenye nyasi, tukijifanya hatuwaoni. Mzee Ondieki alikuja na koti la kanisani na bisibisi yake. Hakuwahi kumwona Marehemu kwa macho. Alimzunguka mara moja, akagusa bomba jekundu, akatazama kidole chake kama kimepata rangi. Kisha akaweka bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho. Mtahini wa pili akakohoa.

“Huyu alikufa lini?” mzee akauliza.

“Anza maswali,” mkuu akaniambia.

Kwenye maswali ya michoro alipoteza alama nyingi, maana mchoro haukutoa sauti. Kwenye vali, pampu, baridi ya asubuhi na dizeli chafu alijibu vizuri kuliko karatasi. Nilikuwa najumlisha kimyakimya. Tulipofika swali la mwisho niliona kwamba akilipata anashinda, na akilikosa anashindwa. Ndilo lililokuwa na alama nyingi kupita yote. Nilizifanya nyingi mimi mwenyewe kwa sababu niliona ndilo linalotenganisha fundi na mbabaishaji.

“Alama za gia zimefutika,” nikasoma. “Kutoka kwenye pini, meno mangapi?”

“Sita.”

Karatasi yangu ilisema saba. Nikasema, “Mzee, fikiri tena.”

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ananionea huruma. “Sita, Mwalimu. Saba ni ya huyu.” Akamgonga Marehemu kwa mpini wa bisibisi, taratibu. “Nani aliunga huyu?”

Nje, kwenye nyasi, hakuna aliyecheka. Ndani ya sekunde chache hizo nilisikia moshi wote wa Nyamira. Niliona kila mashine, kila mwenye mashine niliyemjibu vibaya, na dizeli yenye maji ambayo haikuwa na maji. Niliona jinsi jambo lilivyokuwa rahisi. Niliwafundisha wanafunzi wangu wote kukosea kwa jino moja, na waliopitia kwa mzee walifundishwa upya kimya kimya, na waliosalia walikwenda na kosa langu makazini wakaitwa wajinga.

“Mimi,” nikasema.

Mtahini wa pili alikuwa ameshafungua kalamu. “Karatasi inasema saba. Jibu si sahihi.”

“Karatasi imeandikwa na mimi,” nikasema, “na naanza kuwa na shaka na aliyeiandika.”

“Shaka si jibu.”

Alikuwa na haki. Nikaomba twende Daraja Mbili, kwenye injini ya aina ileile iliyo hai. Alikuwa amekuja na Landrova, na sote tukapanda, pamoja na wanafunzi watatu waliojibana nyuma bila kualikwa. Bi. Zainabu alituona tukishuka, akatazama foleni yake, akatazama koti la Mzee Ondieki.

“Kuna msiba?” akauliza.

“Bado,” nikasema. “Tunaomba kuifungua injini.”

Nilimwita Nyaboke. Mzee alikaa pembeni, mikono mgongoni, ili mtu asiseme amesaidia. Nyaboke alifungua kifuniko, akainua pistoni juu kabisa, akaanza kuhesabu kwa sauti, kidole kikipita jino baada ya jino. Moja. Mbili. Akina mama wa foleni wakaanza kuhesabu naye. Alipofika sita, kidole kilikuwa mahali gia zinapoumana.

“Huenda hii ndiyo iliyokosewa,” mtahini wa pili akasema. Nilianza kumheshimu.

“Basi tuiweke saba,” nikasema.

Bi. Zainabu akapaza sauti, lakini Nyaboke alikuwa ameshaanza. Akaiweka saba, jibu langu, jibu la mara mia. Tukavuta hendeli mara nne kabla haijawaka, nayo ilipowaka ilitema moshi mweusi hadi mlangoni. Mkanda uliteleza, unga ulitoka ukiwa vipande, mtoto mmoja akaanza kulia. Nilisimama ndani ya moshi huo nikasikiliza bila bisibisi. Ilikuwa sauti ileile niliyoisikia Nyamira, mashine baada ya mashine.

“Zima,” mtahini wa pili akasema akiwa nje.

Nyaboke akairudisha sita. Ikawaka kwa mvuto mmoja. Sitawaeleza jinsi ilivyounguruma, mnaijua sauti hiyo. Mtahini wa pili alipangusa miwani yake, akaniomba karatasi ya majibu, akakata saba, akaandika sita, na akanipa kalamu nitie sahihi chini ya masahihisho. Nilitia. Ile ndiyo sahihi ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kutia.

Mzee Ondieki alishinda kwa alama mbili. Mkuu akampa mkono. Pale pale juu ya mizani Nyaboke na wenzake wawili wakafungua madaftari yao ili barua ya serikali itimizwe sawasawa, na mzee akaweka dole gumba upya kwenye kila ukurasa, huku Bi. Zainabu akilalamika kwamba mizani itanuka. Wiki ileile Nyaboke alipanda kwenda Nyamira na cheti chake.

Watu walipoondoka nilibaki na mzee. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

“Ningekwambia mbele ya nani?” akasema. “Kila siku unakuja na watoto. Mwalimu hawezi kusahihishwa mbele ya watoto yake.” Akafunga bisibisi kwenye tambara. “Na siku zile ulikuja peke yako, haukuniuliza.”

Niliaibika, na sioni haya kuiandika aibu hiyo. Nilirudi karakanani nikamfungua Marehemu, nikarudisha gia jino moja, nikakwangua rangi nyeupe kwa kisu. Ndiyo hiyo mnayoiona. Mwezi uliofuata niliomba ruhusa, nikazunguka mashine za Nyamira moja baada ya nyingine, nikifungua vifuniko na kuomba radhi. Wengi walishangaa kuliko walivyokasirika. Yule aliyeambiwa dizeli yake ina maji alinilazimisha ninywe uji kwanza.

Kabla ya safari hiyo, jioni ile ya mtihani, nilifanya jambo moja dogo. Nilikaa kwenye meza yangu nikaandika neno sita mara mia. Mkono ulichoka nilipofika sabini, nikafahamu kitu ambacho sikukifahamu nilipotoa adhabu. Asubuhi Nyaboke alipokuja kuaga, nikampa zile karatasi. Hakutabasamu. Alikaa kwenye benchi karibu na Marehemu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akahesabu zote kwa utulivu uleule aliohesabia meno, mpaka chini kabisa ya ukurasa wa mwisho.

“Mwalimu,” akasema, “ziko tisini na tisa.”

Nikamwomba kalamu, nikaongeza moja.